Bahasha Hii Hukuikunja Wewe

9 Februari

Mama mdogo wangu,

Chiriku sasa hivi amebandika soksi yake ukutani. Nilikuwa nimekoroga gundi kidogo kwenye bakuli nitengeneze jalada la kitabu cha jirani, nikageuka kuzima jiko, kurudi namkuta amesimama pembeni, mikono nyuma kama askari wa zamu, anaitazama soksi. Haikuanguka. Akaniambia, "Mama, imekaa." Nikasimama naye tukaitazama wote wawili. Kweli, imekaa. Sina hata nguvu ya kumgombeza.

Basi shikamoo. Sisi wazima. Huyu mjukuu wako maneno yamekuwa mengi kuliko meno, ndiyo maana majirani walimpa jina hilo la ndege. Kikohozi chake kinakuja kinaondoka. Wewe je, miguu inasemaje? Ningepiga simu, lakini najua masikio yako na simu hayapatani, na mimi mambo haya nataka uyasome taratibu.

Unajua kazi yangu ni kubandika maboksi. Gundi tunayotumia inakuja kwenye mapipa, na pipa likifunguliwa macho yanamwaga machozi kama umefiwa. Mzee wa rola, yule anayesimamia mashine ya kupaka gundi, anakohoa mpaka anashika ukuta. Maji ya kuoshea rola yanamwagwa mtaroni nyuma ya kiwanda, na kandokando ya mtaro ule haioti hata nyasi. Harufu inanifuata nyumbani. Nikifika mlangoni Chiriku anataka abebwe kabla sijabadilisha nguo, na nani atamkatalia mtoto aliyekusubiri kutwa?

Sasa siku moja boksi la kumwonyesha mteja lilikuwa limeachia na mapipa yameisha. Mimi nilikuwa na kopo langu la gundi ya mama, nikalibandika. Mkemia wetu, dada mmoja mpole, miwani yake imefungwa kamba, akalivuta lile boksi. Akalivuta tena. Karatasi ikachanika, gundi haikuachia. Akaniuliza, "Hii umeitoa wapi?"

"Kwa mama."

"Mama anaiuza wapi?"

Nikamwambia mama ni marehemu. Akanipa pole, kisha akaniomba kopo.

Tangu hapo hajalala huyo dada. Gundi ya mama ilikuwa inaganda mashine ikipata moto. Amehangaika nayo mpaka akapata njia ya kuizungusha kwenye mabomba ikiwa vuguvugu, isigande, na yale maji ya kuoshea rola sasa yanarudi kupikia gundi nyingine badala ya kwenda mtaroni. Hilo ni lake, mimi hata ningeota nisingelipata. Lakini gundi yenyewe ni ile ile ya kwetu. Meneja amefurahi mno. Wateja wanataka boksi ambalo ukilitupa linaoza lote pamoja na gundi yake, na anasema kampuni itaisajili kama uvumbuzi.

Naomba unihakikishie kama nimekumbuka sawa: wanga, maji ya majivu yaliyochujwa, na yale majani machungu. Na mkemia ameniuliza swali nikashindwa kulijibu. Aliyeianzisha ni nani hasa, mama peke yake?

Chiriku anakusalimu. Amesema "bibi" halafu akaonyesha soksi.

Mwanao

*

27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Huyo mbandika soksi mwambie bibi yake amefurahi, lakini ukuta si wa kwake, asije akabandika na mwenye nyumba.

Mimi nipo. Nikiumwa utasikia kwa watu, maana mwenyewe sisemi. Miguu inatembea, inachagua tu pa kwenda. Herufi zangu zimekuwa kubwa, usishangae, ni hii miwani. Paa limevuja tukalitia kiraka. Paka amezaa kwenye kikapu changu cha karatasi, sasa sina kikapu, nina paka.

Gundi umeikumbuka, ila umekosea mpangilio. Majani yanaloweshwa kwanza ndani ya maji ya majivu, ndipo wanga uingie. Ukitanguliza wanga, panya watakuombea dua.

Unauliza ni ya nani. Mimi na mama yako tulikuwa wasichana, tunabandika mifuko ya karatasi ya madukani. Kila tukimaliza, mende wanakula gundi, mifuko inafumuka, wenye maduka wanaturudishia na matusi juu. Tukajaribu hiki, tukajaribu kile. Siku tulipoikuta mifuko imekaa mwezi mzima haikuguswa, tulicheza chumbani mpaka mama yako akaangusha taa. Aliyeleta majivu nani, aliyeleta majani nani, hayo yalipotelea kwenye kicheko.

Andika ni ya mama yako, inatosha. Mimi usiniweke. Jina langu halijawahi kukaa kwenye karatasi ya kampuni, litashtuka. Na unakumbuka mama yako alivyokuwa akisema: gundi hii isitoke nje ya nyumba. Basi, wewe ndiye nyumba sasa.

Mifuko ya huku inaendelea, usijali.

Baba Chiriku hajambo? Barua yako ndefu kama kamba ya kisima, na humo ndani sikumwona. Mwambie namsalimu.

Mama yako mdogo

*

2 Aprili

Mama mdogo wangu,

Shikamoo tena. Chiriku amepona kile kikohozi, kisha kimerudi. Daktari amemsikiliza kifua akaniuliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia akatikisa kichwa tu, akaandika dawa. Lakini anakula, anaruka, anagombana na kuku wa jirani. Paka wako na watoto wake wazima?

Mwanasheria wa kampuni amekuja. Nilimwogopa kabla sijamwona, kumbe kijana tu, koti linambana mabegani, anacheka ovyo. Tulikaa naye mimi, mkemia na meneja kwenye kile chumba cha viti vya magurudumu. Nikakalia kimoja kikanikimbiza mpaka dirishani, wakacheka, nami nikacheka ili hofu inishuke.

Akanieleza taratibu. Kusajili uvumbuzi maana yake serikali inakupa hati, na kwa miaka mingi hakuna mwingine anayeruhusiwa kutengeneza wala kuuza kitu hicho bila idhini yako. Kampuni isipofanya hivyo, akasema, itahangaika na kutumia mali yake kujaribu mapya, halafu jirani aje achukue bure, na mwisho hakuna kampuni itakayojisumbua kuacha gundi ya sumu. Hapo niliona ana haki. Jasho la mkemia nimeliona kwa macho yangu.

Nikamuuliza, "Na kama kuna watu walikuwa wanakitengeneza tangu zamani?"

Akacheka. "Basi kitakuwa si kipya, na kisicho kipya hakisajiliwi. Kwani wapo?"

Nikamwambia mama amefariki, nami sijamfundisha mtu. Wewe sikukutaja, kama ulivyosema. Akanipa karatasi nikae nayo. Inasema, "Natamka kwamba gundi hii haijulikani wala haitengenezwi na mtu mwingine yeyote." Chini yake pana mstari wa sahihi yangu. Anataka kuipeleka ofisi ya usajili mwezi wa nane. Akatuonya pia tusimsimulie mtu yeyote wa nje mpaka siku hiyo. Hata barua hii sijui kama naruhusiwa. Lakini wewe si mtu wa nje, wewe ni mama.

Nikiweka sahihi, meneja ameahidi nitaajiriwa ajira ya kudumu, niwe msimamizi wa sehemu ya gundi. Chiriku atapata nafasi kwenye chumba cha watoto cha kampuni, pana vitanda vidogo na mama mmoja wa kuwaangalia. Sasa hivi namwacha kwa jirani, na jirani amechoka, nasikia kwa jinsi anavyofungua mlango.

Naomba unijibu mawili tu. Unafurahi niweke sahihi? Na huko kuna mtu mwingine anayeijua gundi yetu? Maana nikisaini, mama mdogo, ninaogopa isije ikawa nimekufungia wewe mlango.

Mwanao

*

30 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua imechelewa, najua. Kulikuwa na mvua, kisha nikawa na uvivu, kisha nikaona aibu ya uvivu, nayo ikachukua wiki zake. Watoto wa paka wamegawiwa. Fundi viatu amechukua mmoja, anasema atamfundisha kushona.

Weka sahihi. Kalamu haing'ati. Mimi ni mtu mzima, tumbo langu dogo, sihitaji mlango mpana. Mtoto anakohoa, wewe unaniuliza habari za mwanamke aliyekwisha kula ujana wake! Mama yako naye alikuwa hivyo hivyo, akipewa kiti anauliza nani atabaki amesimama.

Umeniuliza mawili, nimekujibu moja. Mimi nilikuuliza moja juu ya baba Chiriku, hukunijibu kabisa. Kwa hiyo bado nakuzidi.

Weka sahihi, mwanangu.

Mama yako mdogo

*

11 Juni

Mama mdogo,

Shikamoo. Chiriku yuko mgongoni ninapoandika, amekataa kushuka, anapumua sikioni mwangu. Mzima leo. Mzee wa rola amepewa likizo ya kifua. Kule kwenye mashine tunamsikia asipokohoa, maana tumezoea.

Ile barua ya Februari Chiriku aliichana bahasha kabla sijaiona vizuri. Hii ya mwezi uliopita nimeiwahi mimi. Nimeiweka mezani nikaitazama kutwa nzima ya Jumapili.

Bahasha hii hukuikunja wewe.

Mimi nimekua nikikukunjia karatasi, usinifiche. Wewe unalaza pembe ya kushoto juu ya ya kulia, kisha unapitisha ukucha wa gumba pakabaki mstari. Hukati kwa mkasi, unachana kwa rula, unasema mkasi ni wa wavivu. Hii imelazwa kulia juu ya kushoto. Imekatwa kwa mkasi. Mstari wa ukucha hakuna. Nikasema labda siku hizi unanunua dukani. Nikalamba kidogo ile gundi. Chungu. Ni yetu, majani na majivu yake, na imekorogwa na mtu anayejua asitangulize wanga.

Na herufi zako si miwani. Miwani mibovu haifanyi mtu aandike kama anapanda kilima.

Kwa hiyo kuna mkono mwingine huko, na wako sijui uko wapi. Umeniambia niweke sahihi chini ya maneno yanayosema huo mkono haupo. Nimeishika kalamu mara mbili, nimeirudisha.

Unasema unanizidi. Basi nilipe. Baba Chiriku aliondoka mwezi wa kumi na mmoja. Hatukugombana, hata jirani hakusikia kitu. Alisema anaenda kutafuta kazi mji mwingine, akachukua redio na blanketi zito, na mtu anayeenda kutafuta kazi kwa wiki mbili habebi blanketi zito. Hajaandika. Sikukuambia kwa sababu nilikuwa nikijiambia kwamba kisichoandikwa hakijatokea. Chiriku akisikia hatua za mwanaume kwenye ngazi bado anakimbilia mlangoni. Hilo ndilo sikuweza kuliandika.

Ndiyo maana naitaka ajira ile, sikufichi, naitaka usiku na mchana. Mimi nimetoa yangu. Toa yako.

Mwanao

*

8 Julai

Mwanangu,

Marahaba, na pole. Nilijua tangu Februari. Mke anayeandika kurasa zote zile bila kumlalamikia mume hata mstari mmoja, huyo hana mume wa kumlalamikia. Sikutaka kukulazimisha useme. Mpe mtoto muda. Siku moja atasikia hatua na kuendelea na mchezo wake. Utaumia siku hiyo kuliko yeye.

Yangu ni haya. Mkono wa kulia umelala. Ulilala mwaka juzi, asubihi, nikiwa nakunja. Niliona vidole vinaitazama karatasi kama watu ambao hawajawahi kuonana. Siku hizi naandika kwa kushoto, na ukurasa huu nauandika siku ya tatu leo. Usianze kulia, soma.

Nilikaa ndani nikingoja njaa. Akaja binti wa fundi viatu kuomba mifuko, akanikuta. Akasema, "Mama, nielekeze kwa mdomo, mimi nina mikono." Mkaidi yule, na mkasi wake! Nikamwelekeza kukunja. Gundi nikawa nakoroga mwenyewe, nimegeukia ukutani asione, kwa sababu ya ahadi yangu kwa mama yako. Mkono mmoja, bakuli linakimbia, majivu yanamwagika. Siku moja yule binti akalishika bakuli lisianguke, akaona yaliyomo. Nikamtazama. Nikajiuliza, nikifa kesho, gundi hii itabaki na nani? Mama yako alisema isitoke nje ya nyumba. Lakini nyumba ilikuwa na mtu mmoja mwenye mkono mmoja.

Nikamfundisha. Yeye akamleta mjane wa nyumba ya pili, mjane akaleta dada zake. Sasa wako kwenye kibanda nyuma ya duka la viatu, na wengine wako masoko ya mbali, watu nisiowajua sura. Wanauza mifuko, wanauza bahasha, na gundi yenyewe kwenye makopo. Hata seremala wa majeneza anainunua, anasifu kwamba wateja wake hawajarudi kulalamika. Chakula changu kinatoka kwao kwa zamu. Hakuna aliyepanga zamu hiyo, na haijawahi kuruka siku.

Sikutaka jina langu liandikwe, ukadhani ni unyenyekevu. Niliogopa tu wataniuliza nafanyaje kazi, na jibu lingewafikisha kibandani.

Sijutii kuwafundisha. Na sijutii kukwambia uweke sahihi. Wewe una mtoto, mgongo wako ndio ukuta wake. Mara mbili nimesema weka, mara ya tatu sisemi, na usiweke pia sisemi. Hili ni la kwako. Ukiweka, siku mwenye hati akija kukifunga kibanda, sitawaambia wenzangu kwamba sahihi ile ni ya mwanangu. Nitanyamaza, na nitakupenda vilevile.

Mama yako mdogo

*

22 Agosti

Mama mdogo wangu,

Shikamoo. Chiriku amelala chini ya meza ya mkemia, kichwa juu ya gunia la wanga, unga umemjaa nyusi, anafanana na mzee wa kikao. Nimekuja naye kazini leo kwa sababu jirani amesafiri. Hakuna aliyesema kitu. Naandika haraka, kuna lori letu linakuja huko kwenu na mzigo, dereva amekubali kubeba bahasha.

Barua yako niliisoma nikaikunja nikaiweka chini ya mto. Mkono wako ndio nilioulilia, mengine baadaye. Kisha nilikaa siku nyingi bila kumwambia mtu. Sikudanganyi, kuna siku niliamua nitasaini. Nilimwona Chiriku anakohoa, nikasema kina mama wale ni hodari, watapata jingine. Halafu nikaanza kufikiria zamu ya chakula. Nikafikiria ni nani siku hiyo angekuwa na zamu, na angefika mlangoni kwako na nini mkononi. Kalamu ikaniwia nzito.

Mwanasheria aliporudi nikaingia kwenye kile chumba. Safari hii nilisimama.

Nikasema, "Karatasi hii siwezi kuisaini. Gundi inajulikana."

Meneja akasema, "Inajulikana na nani? Mwezi wa nne ulisema haijulikani."

"Mwezi wa nne sikujua."

Mwanasheria akavua koti. "Wako wangapi?"

"Mama mdogo ameshindwa kuwahesabu."

"Wanauza kwa kificho?"

"Wanauza sokoni, kwenye makopo."

Akafunga faili. Akasema basi gundi haisajiliki, si kwa sisi, si kwa yeyote. Meneja akasogeza kiti, akasema polepole, kama mtu anayejisemea, "Wako mbali. Nani atajua?"

Mkemia alikuwa anafuta miwani. Akasema, "Mimi nitajua. Na siku wakitokea, hati itafutwa, na kazi yangu yote iliyomo ndani itatupwa pamoja na uongo."

Hapo mzee wa rola, waliyemwita kueleza habari za mashine, akainua mkono kama mwanafunzi. "Mimi sheria sizijui. Nauliza tu, yale mapipa yanarudi? Maana kama yanarudi, niage kabisa leo." Hata meneja alicheka, ingawa alikuwa hataki.

Basi wakabishana mpaka chai ikapoa. Imeamuliwa hivi. Kampuni itasajili kile kilicho chake kweli: yale mabomba, ule uvuguvugu, na maji yanayorudi badala ya kwenda mtaroni. Hicho hakuna aliyekuwa nacho kabla, na jina la mkemia ndilo litakaloandikwa. Gundi yenyewe haidaiwi. Wameongeza ukurasa unaosema ilitoka kwa wanawake wanaobandika mifuko, kwamba wanaitengeneza na kuiuza, na kampuni haina haki ya kuwazuia. Nimeusoma mwenyewe, neno kwa neno, nikiwa nafuata kwa kidole. Chini ya ukurasa huo ndiko nimeweka sahihi yangu. Mapipa yameshapakiwa kurudi yalikotoka.

Juu ya ile ajira, meneja alisema, "Tutaona baadaye." Hapa kiwandani tunajua maana yake. Nimebaki kibarua kama nilivyokuwa, na vile vitanda vidogo Chiriku hatavilalia. Pale chumbani sikulia. Nililia chooni, nikanawa, nikarudi kubandika. Mkemia alinifuata akasema mwakani ataandika kuniombea tena ajira ile, na kwamba kina mama wale wakitaka, atakuja kuwaonyesha jinsi ya kuyatumia tena maji ya kuoshea mabakuli. Namwamini. Mimi, mama mdogo, naamini mambo mengi, ndivyo nilivyo. Chiriku hajakohoa tangu Jumatatu.

Sasa kuna kazi yenu. Mwanasheria anasema kina mama waandike tamko lao, waseme wanaitengeneza gundi tangu lini, wanauza wapi, wamefundishwa na nani, waliweke kwa wakili au ofisi ya mtaa. Maana sisi tumeacha, lakini kampuni nyingine inaweza kuja kesho na kudai imeivumbua yenyewe. Likishakuwepo tamko, hakuna atakayeweza. Nami kwenye karatasi hiyo sitaki niwemo. Wala mama asiandikwe peke yake, kwa sababu hakucheza peke yake siku ile taa ilipoanguka.

Wewe uwe wa kwanza. Usiniambie tena usiwekwe. Andika kwa huo mkono wa kushoto, hakuna anayekukimbiza, binti wa fundi viatu akushikie karatasi isiteleze. Wengine wafuate mmoja mmoja, hata wale usiowajua sura, watafutwe, dereva anapiga honi, mkemia ananiita nitoke na bahasha, sikiliza, wakikuuliza gundi hii ni ya nani usiseme ya marehemu, sema ni ya